Joho la Mzee Mpya

Mama Cherehani alikuwa fundi wa kanisa kwa miaka thelathini, na kama kuna mtu aliyejua waumini walivyo chini ya nguo za Jumapili, ni yeye. Vitambi vilivyobanwa na mikanda, mabega yaliyopinda, vyote vilipita kwenye futi yake. Na mdomo alikuwa nao. "Mungu anaangalia moyo," alizoea kusema, "mimi nimeachiwa viuno."

Safari hii aliagizwa joho la mzee mpya wa kanisa, na mzee mwenyewe ni mwanawe wa pekee. Ndiye aliyemjengea chumba, ndiye aliyemnunulia dawa za presha, na ibada hakosi. Mama gani asingejivuna? Lakini huyu alishona shingo upande, maana siri ya mtungi aijuaye kata. Mwaka ule mkwewe alikuja kupimwa gauni mara nne, na mara zote alitaka mikono mirefu, jua liwake lisiwake. Fundi aliona michubuko, hakuuliza. Aliijua. Marehemu mumewe naye alikuwa mzee wa kanisa, na mama mkwe wake aliona akanyamaza vivyo hivyo.

Kanisani kwao jina hutangazwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Mchungaji alisoma sifa: mpole, si mlevi, hapigi watu, anaitunza nyumba yake. Jumapili ya kwanza Mama Cherehani aliangalia viatu vyake. Ya pili alikohoa. Ya tatu akapiga moyo konde, akasimama.

"Mchungaji, huyu nimemzaa mimi. Anampiga mkewe. Msimpe watu awachunge."

Mchungaji akamgeukia mkwe. "Ni kweli, mwanangu?"

Mkwe alikuwa ameketi bega kwa bega na mumewe. "Hapana, baba. Mama siku hizi anasahausahau."

Mwana akaja, akamshika mama yake mkono, akamketisha polepole kama anayetua yai. Akina mama wengine walifuta machozi kwa jinsi kijana alivyomheshimu mzazi. Wakampitisha palepale. Joho lilimkaa sawasawa, kwa sababu fundi hakuwahi kukosea kipimo cha mwanawe.

Jumanne mkwe alifika kibandani na kitambaa mkononi, mtandio umefika puani. Alisema kwa shida.

"Mama, nishonee gauni. Kola iwe ndefu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ungenyamaza tu, mama."

Fundi akachukua futi, akampima shingo taratibu, asimguse penye maumivu.

"Amenituma yeye," mkwe akasema. "Amesema nguo za namna hii unaziweza. Eti ulikuwa unajishonea mwenyewe, yeye akiwa mdogo."

Futi ikamponyoka. Miaka yote ile alidhani mtoto haoni.