Mistari Elfu Tisa ya Bi Jalada

Hospitali nzima ilimwita Bi Jalada. Alianza kazi masijala, akipanga majalada ya wagonjwa kwenye rafu. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walizikwepa kama deni la ukoo. Yeye akavuta kiti, akajifundisha kuandika programu. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, wanawe wote wako mbali, na ofisi yake ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, mahali ambapo mtu haji ila ana shida.

Programu ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa ilikuwa ya wazi: imetengenezwa na watu wa kujitolea walioenea duniani, na yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuirekebisha. Ila yake ilikuwa moja. Mtandao ukikatika, alichokuwa anaandika muuguzi kilipotea chote. Asubuhi moja Bi Jalada alimwona mama mwenye mtoto mgonjwa akiulizwa maswali yale yale mara tatu. Mara ya tatu alijibu huku analia. Tangu siku hiyo akajitosa. Miaka mitatu aliishona programu ile, kiraka juu ya kiraka, hadi ikaweza kuhifadhi maandishi yenyewe na kuyapeleka mtandao ukirudi.

Tabu ni kwamba kila wenye programu walipotoa toleo jipya, viraka vyake vilifumuka, akaanza upya. Akaona dawa ni moja tu: awape wenyewe kazi yake, iwe sehemu ya programu yao. Jumatatu moja akawatumia yote kwa mkupuo, mistari elfu tisa.

Wiki tatu, kimya. Kisha akajibu msimamizi mmoja aliyejiita Konokono:

"Asante. Kazi ni nzuri, lakini hakuna anayeweza kusoma mzigo huu wote. Ungetuuliza kabla ya kuanza. Tafadhali ugawe vipande vidogo, kila kimoja kiweze kusimama peke yake."

Bi Jalada aliusoma ujumbe ule wa lugha ya kigeni mara mbili, kamusi mapajani. Ungetuuliza! Angemuuliza nani? Humo ofisini mwake hata panya wa kumuuliza hakuwapo.

Jumapili kaka yake, fundi seremala, alipopiga simu, akamweleza.

"Dada, mimi huyo mnyama wako simjui," kaka akasema. "Ila bandu bandu huisha gogo. Wamekukataa?"

"Hawajanikataa."

"Basi shika shoka. Umekula lakini?"

Vikatoka vipande thelathini na saba, na vikamla mwaka na ushei. Konokono alisoma kila mstari. Kwa nini hapa umefanya hivi? Pale ikitokea vile, itakuwaje? Katika miaka yote ya kazi, hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Jalada kwa nini. Akawa anawahi ofisini kabla ya wafagiaji ili aone swali la siku. Safari moja akathubutu kuongeza chini ya majibu yake: "Leo huku mvua ni kubwa. Huko kwenu je?"

Konokono akajibu: "Mstari wa mia mbili na kumi na mbili, hilo jina halieleweki."

Bi Jalada akabadilisha jina. Habari za mvua hakuziuliza tena.

Kipande cha ishirini na mbili ndicho kilichokuwa moyo wa kazi, na hicho hakikupokewa. Kundi jingine, Konokono alieleza, lilikuwa limekwisha kuijenga sehemu hiyo kwa njia yake, tena nyepesi zaidi. Bi Jalada hakuamini. Akaichukua kazi ya wale watu, akaijaribu siku nne, akiitafutia ila kama wifi. Hakuipata. Siku ya tano akafunga mlango, akafuta mistari elfu mbili na mia nne, ile aliyoianza wiki aliyomzika mumewe. Iliyobaki akaishona upya iendane na ya wenzake.

Toleo jipya lilipotoka, jina lake halisi lilikuwapo kwenye orodha ya waliochangia, chini kabisa. Akaenda kumwonyesha matroni.

"Huyu ndiye nani?" matroni akauliza, akisogeza miwani.

"Ni mimi."

"Ala! Hongera sana. Ehe, kabla sijasahau, printa ya wadi ya tatu imekwama."

Mwezi uliofuata, toleo hilo likiwa limeshawekwa hospitalini, mtandao ukakatika asubuhi, na hadi mchana ulikuwa haujarudi. Bi Jalada akatoka, akapita wadi hadi wadi, mikono nyuma. Wauguzi waliandika. Wagonjwa waliulizwa mara moja, wakajibu mara moja. Hakuna aliyeinua kichwa kumtazama.

Wakati wa chakula akakaa karibu na matroni. "Leo mtandao haupo tangu asubuhi."

"Kumbe?" matroni akasema, akimenya chungwa. "Mbona hatukujua?"

Bi Jalada akacheka, akacheka mpaka machozi, na matroni naye akacheka bila kujua wanacheka nini. Kisha matroni akaitwa wadini, akaondoka mbio. Bi Jalada akabaki mezani. Alitamani kumsimulia mtu kwa nini amecheka, toka mwanzo kabisa, lakini kisa kilikuwa kirefu, na viti vyote vilikuwa vitupu.