Gliserini, Asali na Uso wa Dada Yangu

Dada yangu alikuwa amewekwa ndani akingoja harusi, nyumbani kwetu Kamachumu, enzi za Mwingereza. Maawe, mama yetu, alimpaka asali iliyozimuliwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha samli juu yake. Mimi nilifukuza nzi, maana asali inanata.

Siku moja mchumba wake, karani wa Bukoba mjini, alikuja kusalimia. Alisimama mlangoni akaziba pua.

"Mke wangu hatanuka kibuyu cha maziwa," alisema, akampa Maawe chupa ya gliserini aliyoinunua duka la Mhindi. "Mpakeni hii."

"Inapakwaje, mkwe wangu?"

"Hivyo hivyo ilivyo. Msichanganye na vitu vyenu."

Kilikuwa kiangazi, na upepo wa kule juu ni mkavu. Baada ya siku chache mashavu ya dada yalikuwa yakiwaka, midomo imepasuka. Kila ngozi ilipokaza alijipaka zaidi, kwa kuwa mwanamume kasema. Akawa hawezi kucheka bila kutoka machozi.

Nilikasirika, nikaichukua chupa. Mkono mmoja nilijipaka gliserini tupu. Wa pili nikaupaka gliserini niliyoizimua kwa maji, kisha samli. Mguuni nikapaka asali ya Maawe. Ile tupu ilikuwa kama inaninyonya maji ya mwilini. Mkono ulikauka, ukawasha. Iliyozimuliwa ilinilainisha sawasawa na asali, tena bila kunata wala nzi. Gliserini haikuwa na kosa lolote. Nilimchukia yule aliyeamrisha jambo asilolijua.

Nilimwambia dada, naye akaanza kuizimua. Lakini uso haukuwahi kupona kabla karani hajarudi. Alidai kumwona, akamtazama kama anayekagua kahawa, kisha akamgeukia Taata, baba yetu.

"Niliposa binti mwenye uso laini. Huyu mmemfanya nini?"

Taata aliinamisha kichwa. Hapo nilimkasirikia yeye kuliko hata huyo mgeni.

"Ni chupa yako," nilisema.

"Watoto wa kike wanajibu siku hizi?" karani alimuuliza Taata.

Dada alisimama. Mwali hasemi mbele ya wageni, lakini alisema, polepole, kwa sababu midomo ilimuuma. "Taata, mrudishie vitu vyake vyote. Siendi kwake."

Taata alifoka, majirani wakatusema, wengine wakadai dada ana mkosi. Hakubadili neno. Uso ulipona mvua zilipoanza, na baadaye aliolewa Izigo na mtu aliyempenda.

Miaka mingi baadaye nilikutana na karani Bukoba, sokoni. Alitabasamu kama ndugu.

"Dada yako hajambo?"

Nilimtazama mpaka tabasamu likamwisha, nikaendelea kuchagua ndizi zangu.