Kipande cha Samaki Alichotuwekea Koko

Krrr, krrr, krrr. Mgongo wa kisu ukipanda kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yakiruka na kugonga ukuta wa jikoni. Juzi nilikuwa dukani kule Morse Road, Columbus, mji niliorudi ukubwani, nimesimama kwenye foleni, muuzaji akaanza kuparua samaki nyuma ya kaunta. Na mimi mtu mzima, bado nimevaa fulana yangu ya kazi ya ghalani, nikageuka kumtafuta koko wangu. Nikasahau hata nilichokuja kununua.

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa mama, alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, mtu wa Ziwa Tanganyika. Alikula samaki wa mikeke na ndagala, yaani dagaa, tangu hajaota meno, akawalisha wanawe hivyo hivyo. Na alikuwa na desturi ya kwao: ukihamia mahali, hata kama una funguo mkononi, bado uko njiani. Mpaka apikwe samaki wa maji ya pale, mkae kwenye sahani moja, mtoto wa mwisho aanze, wengine wafuate, mkubwa amalizie na kichwa. Hapo ndipo anasema, "Tumefika." Hata kambini Burundi alisema, kwa visamaki vya mtoni vyembamba kama kidole.

Amerika tulianzia Louisville, mtaa wa Beechmont. Mama mmoja wa kanisani alituletea samaki wa barafu, mweupe, amekatwa mraba kama sabuni. Koko akamgeuza, akatafuta macho, akatafuta mkia. Akauliza katoka maji gani. Baba akasoma kwenye pakiti, akasema katoka Uchina. "Bon," koko akasema, "basi huyu naye ni mkimbizi kama sisi." Tulicheka mpaka mama akashika tumbo. Tulikula na bugali, tukashukuru Mungu, lakini lile neno halikusemwa.

Baada ya mwaka baba akasikia Columbus kuna kazi nzuri zaidi, tukapanga nyumba kuukuu Linden. Huko ndiko nilikopanda basi na koko kwenda kununua ndagala. Akazimwaga kwenye sinia, akachambua mchanga, akazikaanga na nyanya na pilipili, nyumba nzima ikanuka Uvira. Wadogo zangu wakaziba pua, wakalalamika kwa Kiingereza, halafu wakaomba nyongeza. Mimi nilimwona koko akijifuta macho na kitenge. Alisema hizi ni za ziwa letu kabisa. "Donc, kwa hiyo, zinaturudisha kule. Hazitufikishi hapa."

Ndipo mjomba akapiga simu kutoka Buffalo. Akasema huku kuna ziwa, na ukitazama upande mmoja huoni ng'ambo. Koko hakulala. Baba alisema tunahamia kule kwa sababu ya kiwanda, lakini sisi watoto tulijua tunahama kwa sababu ya nani.

Jirani yetu wa Buffalo, mzee mstaafu, alikuwa akivua samaki kwenye ukuta wa mawe kando ya ziwa. Jumamosi moja akamletea koko samaki wa manjano wenye michirizi, bado wanapiga mikia ndani ya ndoo. Hawakuwa na lugha moja, lakini walielewana kuliko watu wengi ninaowajua. Koko akageuza ndoo nyingine, akakaa juu yake katikati ya jikoni, na krrr, krrr, akaimba kabisa. Magamba yalimshika mikononi kama bangili.

Sahani ikafika mezani. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amenyoosha mkono tayari. Mama, aliyekuwa mjamzito, akaivuta sahani upande wake.

"Mama, nisamehe. Watoto hawatakula hii."

"Na wewe nilikulisha nini?"

"Ziwa hili si lile. Kliniki wameniambia kuna uchafu wa viwanda vya zamani, unaingia kwa samaki. Watoto na mimi mwenye mimba tujihadhari."

"Walisema msile kabisa?"

"Walisema kidogo, tena si kila mara."

"Bon. Mimi nataka kidogo tu."

Mama akamwangalia. "Mama, kaka yangu alikunywa kikombe kimoja."

Basi. Huyo kaka yake, si yule wa Buffalo, alikuwa kijana wa koko. Kule Uvira alikunywa maji ya ziwa, kipindupindu kikamchukua siku ileile. Kwa mama, ukishasikia maji yana kitu, hakuna tena kidogo na kingi. Nani angembishia?

Koko hakugusa kichwa. Alisema mkubwa hawezi kumalizia kitu ambacho hakijaanzwa. Samaki wengine akamrudishia jirani, lakini kipande kimoja cha mkiani akakifunga kwenye karatasi ya fedha, akakizamisha chini kabisa ya friza. "Siku watakayowaruhusu watoto kula," akasema, "kiko hapa."

Theluji ikaja, kifua kikambana, hakumaliza majira yale. Akina mama wa kanisa walijaza nyumba yetu sombe ya majani ya muhogo na maandazi, na jirani alisimama mlangoni na kofia mkononi.

Nilipokua niliuliza mwenyewe kliniki habari za samaki wale. Kumbe kidogo ilikuwa kidogo kweli. Wale wa manjano ni katika wale wenye nafuu. Mtoto angekula kipande na asipate neno. Nilipomwambia mama alizima jiko, akakaa chini, hatujaligusa tena jambo hilo. Wadogo zangu leo wanakula vijiti vya samaki vya pakiti, hawajui kutoa mwiba. Na sauti ile ya kisu kwenye magamba naipata dukani tu, mkononi mwa mtu nisiyemjua.

Lakini wiki ile baada ya mazishi, mama amelala, wenzangu wako shule, mimi nimebaki na mafua, nilikitoa kipande kile. Nikakikaanga tena polepole, nikakiweka peke yake katikati ya sahani kubwa. Nikageuza ndoo ya koko, nikakaa. Kilikuwa kimekauka kwa barafu, hakina chumvi, nilikitafuna mpaka kwenye mfupa. Halafu, nikitazama mlango wa chumba chake, nikalisema lile neno.