Kiwele cha Adey

Tangu alfajiri Madina alikuwa ameketi kwenye kigoda bandani, mikono mapajani, akiwaangalia ng'ombe wake Adey na ndama kama alivyofundishwa kuwaangalia: bila kuwagusa.

Ndama alikuwa jike. Alizaliwa adhana ya asubuhi ikimalizika, akalambwa na mama yake mpaka manyoya yakasimama, akainuka, akaanguka, akainuka tena. Sasa jua la Garsen lilikuwa linapenya kati ya nguzo za miti ya mathenge zilizozunguka ua, naye alikuwa bado hajanyonya.

"Atapata mwenyewe," alisema mumewe, Diriye, kutoka mlango wa nyuma wa duka. "Ndama wetu wa Bangale nani aliwaonyesha?"

Madina alimkumbuka ndama wa mwaka jana. Yeye naye alipata mwenyewe. Alinyonya alasiri, akaonekana mzima, na kabla ya wiki kuisha akaanza kuhara maji meupe. Alikufa kichwa chake kikiwa juu ya kiatu cha Madina. Madina alisema ni kijicho. Diriye alisema ni mji: ng'ombe wa kisasa hakuumbwa kwa joto na matope ya hapa. Na huyu wa pili naye akifa, alisema, Adey atapelekwa mnadani. "Tutabaki na duka. Watu wangapi wanaishi kwa duka?"

Hakuwa amesema kwa ubaya. Ukame uliwamalizia mifugo yote kule Bangale, nao wakashuka kusini na kufungua duka la unga, sukari na sabuni. Adey, mweupe mwenye mabaka meusi, alikuwa ng'ombe wao pekee. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, Madina alimsugua shingo huku akimwimbia nyimbo za kisimani, na kwa muda huo mfupi hakuwa muuza sukari.

Mvua zilipokuwa zikinyesha Bangale, ng'ombe walizaa mfululizo. Mama yake Madina, Sagal, alikuwa na sharti moja ambalo hata watoto walilijua: mkono wa mtu usiguse kiwele kabla ndama hajanyonya akashiba. Ndipo alipokamua kilichobaki, maziwa mazito ya manjano ambayo kwao huitwa dambar, na majirani wa mtoni wakiongea Kiswahili huyaita dang'a. Aliyapika kwa moto mdogo mpaka yakaganda kama mayai. Aliyepita njiani aliitwa ale, hata kama jana yake waligombania maji. Watoto walikula kwa vidole, wakalamba mpaka viwiko. Harufu ile ya maziwa na moshi ilikaa kwenye nguo siku nzima, na hakuna aliyetaka kuifua.

"Hodi! Nasikia mmepata mgeni."

Alikuwa Hulda, mkulima wa kijiji cha Ngao aliyekuwa akimletea majani yaliyokatwa kando ya mto. Juu ya mzigo wa leo alikuwa ameweka sufuria.

"Karibu, Mama Valary," Madina alimwitikia.

"Mama Liban, sufuria hii hapa. Na iliki nimekuja nayo, usije ukasema huna."

"Hajanyonya bado."

"Nani, wewe au ndama?" Hulda akatua mzigo na kucheka peke yake, kisha akatazama. Ndama alikuwa anasukuma pua kwapani mwa mama yake. Akahamia ubavuni, akashika kikunjo cha ngozi juu kabisa ya paja, akakivuta, akakiacha. "Ee! Huyu anatafuta kwenye dari. Chakula kiko sakafuni."

Madina alisimama. Ng'ombe wa Bangale walikuwa na viwele vidogo, vimebana juu kati ya mapaja. Ndama akiinua kichwa tu, anapata. Kiwele cha Adey kilijaa kikashuka karibu na magoti ya nyuma. Ndama alikuwa anatafuta pale ambapo kila ndama ambaye Madina aliwahi kumwona alitafuta, na hapakuwa na kitu.

Alimpigia simu Jasper, afisa wa mifugo.

"Amenyonya?" Jasper aliuliza kabla hata ya salamu kuisha.

"Anatafuta juu. Hafiki."

"Toka azaliwe?"

"Toka alfajiri."

"Mama, kamua sasa hivi, umpe kwa chupa. Ndama anazaliwa damu yake haina kinga yoyote. Kinga yote iko kwenye dang'a, na tumbo lake linaipitisha kwa saa chache za mwanzo tu. Baadaye atashiba, lakini kinga haiingii tena. Huyo wa mwaka jana alinyonya saa ngapi?"

Alinyonya alasiri, Madina alikumbuka. Alikata simu, akanawa mikono kwa sabuni, akachuchumaa chini ya ng'ombe.

"Unafanya nini?" Diriye alikuwa ameshaingia bandani. "Ndama hajaonja! Mama yako angekuona!"

"Mama yangu alitaka ndama atangulie. Huyu ndama amecheleweshwa na mimi niliyekaa kumtazama." Vidole vyake vilisita juu ya chuchu, kama vya mtu anayefungua mlango wa chumba cha wazazi. Kisha akakamua.

Dang'a ilitoka nzito, ya manjano kama samli. Hulda alimkumbatia ndama shingoni, Madina akampa kidole anyonye, kisha akakiondoa taratibu na kuweka chupa yenye chuchu ya mpira. Ndama alikohoa mara moja. Mkia ukaanza kutikisika. Chupa ikaisha, wakajaza nyingine.

"Sasa na sisi?" Hulda aliuliza, akiitazama sufuria yake.

"Leo hakuna, Mama Valary. Iliyobaki ni yake, ya jioni na ya kesho."

"Yaani nimebeba sufuria kutoka Ngao nije kulisha ng'ombe!" Lakini hakuwa amemwachilia ndama.

Dang'a iliyobaki ilikaa kwenye chupa ndani ya friji la duka, katikati ya soda. Mteja mmoja akainyooshea kidole: "Nipe hiyo juisi ya maembe." Diriye alimwambia imeshanunuliwa.

Usiku huo Madina aliona uzito moyoni. Ng'ombe alizaa kwake na hakuna jungu lililowekwa motoni, hakuna aliyepita akaitwa. Angependa kumwomba mama yake radhi.

Siku zilizofuata Diriye alitangulia bandani kila asubuhi, akainama kuangalia kinyesi cha ndama, akarudi dukani. Siku ambazo yule wa kwanza alianza kuhara zikafika, zikapita. Kinyesi kilikuwa kigumu.

Asubuhi moja Diriye alikuja na kisu alichokinoa, na majivu ya kukaushia kidonda kwenye karatasi. Madina alikitambua kisu hicho. Kilitumika kukata alama ya ukoo kwenye sikio, na mnyama wa kuuzwa hakatwi alama. Hakikuwa kimetumika tangu Bangale.

Madina alipiga magoti, akambana ndama kwa mikono yake miwili. Ndama alirusha mateke, akamsukuma mpaka mgongo ukagonga nguzo.

"Mshike vizuri," Diriye alisema. "Huyu ana nguvu."