Kisima cha Milango Mitatu

Kosa lilikuwa sentensi yangu moja. Nilikuwa nikifundisha kidato cha pili, katika shule isiyo mbali na mji wa Kakamega, jinsi ya kugawa pembe za pembetatu katikati kwa bikari. Mistari mitatu ilipokutana ubaoni, nilijisahau kwa furaha: nukta hii, nikasema, iko umbali sawa kutoka kila upande, na kutoka kwa kila mtu.

Hilo la "kila mtu" niliongeza kwa madoido. Shahada yangu haikunizuia.

Msichana mmoja aliibeba sentensi hiyo hadi kwao Khayega, ambako mamake na wake wa ndugu wawili wa babake walikuwa wakibishania mahali pa kuchimba kisima. Nyumba zao tatu zilifanya pembetatu. Akapima kwa hatua, akachora, akagawa pembe, akapigilia kigingi. Jumapili mama mkubwa, mke wa kaka mkubwa, alipima kwa kamba. Kigingi kilikuwa karibu zaidi na mlango wa mamake msichana, na mbali zaidi na mlango wake yeye.

"Hii masomo imejua tu nyumba ya mamake," alisema, na boma zima likasikia.

Jumatatu msichana aliniletea daftari. Hakulia, aliuliza alikosea wapi. Niliukagua mchoro nikitamani kuona kosa lake. Halikuwapo. Nukta yake ilikuwa sawa kutoka vijia vitatu vinavyounganisha nyumba, siyo kutoka milangoni. Ukitaka milango, unaacha pembe. Unagawa kila kijia katikati kwa mstari unaokikata kwa pembe mraba.

Wachimbaji walitarajiwa Alhamisi. Jumatano alasiri nilienda bomani kwao na kamba, nikawaambia wale wake watatu kosa ni langu. Mama mkubwa akaniuliza kama nilikuwa nimeshapikiwa kuku katika nyumba ya mamake msichana, ndipo nikaipendelea. Badala ya kujitetea nikampa ncha ya kamba.

Walisimama milangoni pao wawiliwawili, wakishika ncha kwa zamu, nami nikazungusha kamba kwa urefu uleule na kuchora tao ardhini kwa kijiti. Pale matao mawili yalipokatana, juu na chini, tulivuta uzi. Nyuzi mbili za kwanza zilipishana karibu na migomba. Nilikuwa najiandaa kueleza kwa nini wa tatu nao utapita papo hapo, maelezo ambayo kwa kawaida hunimalizia nusu ya ubao, lakini mama mkubwa alikuwa ameshasimama pale.

"Hapa ni sawa kwangu na kwa huyu. Tena ni sawa kwa huyu na yule. Sasa kwangu na yule itakuwa aje tofauti?"

Mamake msichana, ambaye sasa angetembea zaidi, alisema miguu anayo.

Mama mkubwa aling'oa kigingi cha zamani, akampa msichana. "Piga wewe."

Msichana alikiweka chini kwanza. Akachukua kamba, akapima upya hadi milango yote mitatu, bila kuniangalia, ndipo akainua jiwe.