Pingili za Shingo

Miaka ya tisini nilikuwa nauza miwa ya kutafuna mjini Kakamega, na neno pingili lilikuwa na maana moja tu kwangu. Mteja mpole nilimkatia pingili ndefu za katikati. Mteja wa kubishana mpaka kivuli kihame nilimkatia za chini, karibu na mzizi, fupi na ngumu kama yeye. Zote nilizihesabu mara mbili, maana kuna watu wanaotafuna huku wakikutazama usoni na kuapa kwamba bado hujawapa.

Basi baba mdogo akachimba choo nyumbani kwetu Kabras. Mahali alipachagua mwenyewe, akajisifu kwa majirani kwamba amepata udongo laini kama unga. Hakujiuliza kwa nini udongo ni laini pale tu. Alipofika kina cha kiuno, jembe likagonga mfupa wa paja. Naibu wa chifu alikuja, akachungulia, akasema mifupa hii ni ya zamani kuliko kazi yake, familia ijipange.

Kujipanga ndiyo ilikuwa shida. Baba mdogo alisema huyu ni mpita njia wa zamani, akazikwe upya nje ya ua, choo kiendelee. Senge, yaani shangazi, dada yake mkubwa aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, alisema ni mama yao. Mama huyo alikufa Senge akiwa mtoto na baba mdogo akiwa bado ananyonya. Baadaye shamba likapandwa miwa, trekta ikapita, kaburi likapotea. Senge alikumbuka tu kwamba mama alifinyanga vyungu, akavibeba kichwani hadi sokoni, na kwamba alizikwa upande wa mto.

“Upande wa mto ni nusu ya Kabras,” baba mdogo alimwambia.

Senge hakutaka makubwa. Alitaka mama yake alale ndani ya boma, asitupwe mpakani kama mgeni.

Nilikuwa na mteja mmoja aliyeishi Isecheno, kando ya msitu, kijana wa Pwani aliyesomea mifupa na aliyekuwa akichunguza ya kima wa msituni. Tulimwita daktari, ingawa wagonjwa wake wote walikuwa wamekwisha kufa. Nilipomweleza mambo yetu alikubali kuja Jumapili, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba kitu cha kwanza atakachotaka ni pingili. Nikaona huyu anadai ujira mapema, lakini anajua kuchagua. Jumapili nikampokea na muwa mzima, umemenywa, umekatwa, umepangwa kwenye sinia na kuhesabiwa mara mbili. Akala wote kwa adabu, akanawa, akauliza, “Sasa, pingili ziko wapi?”

Nilimwambia nyumba hii ni ya ukarimu lakini ukarimu una mwisho. Ndipo alipogeuka na kujigonga mgongoni, akaeleza kwamba hata uti wa mgongo una pingili. Senge alicheka, mara ya kwanza wiki ile.

Daktari akaipanga mifupa juu ya gunia. Nyonga, alisema, ni za mwanamke. Baba mdogo akarekebisha kesi yake papo hapo: basi ni mpita njia wa kike. Pingili za shingo zilitakiwa kuwa saba. Nikahesabu, sita. Nikahesabu tena, sita. Nikamwambia baba mdogo arudie udongo wake, naye akanung'unika kwamba hakujua choo kinachekechwa kama unga wa obusuma, yaani ugali. Ya saba ikatoka kwenye rundo, nayo ndiyo ilikuwa na maneno mengi. Ilikuwa imebonyea, kingo zake zimemwagika nje kama chapati iliyozidi kikaango, na juu iling'aa mahali mfupa ulipokuwa ukisagana na mfupa mwenzake.

Mimi, mtaalamu wa miwa, nikatangaza kwamba pingili fupi namna hii ni mwaka wa kiangazi. Daktari akanijibu taratibu kwamba mtu haoti kama muwa. Kiuno hakikuchakaa sana, alisema, lakini shingo imechakaa vibaya. Huyu yaelekea alibeba vizito kichwani kwa miaka mingi.

Senge akafumba macho.

“Daktari,” baba mdogo akasema, “nitajie mwanamke wa huku ambaye habebangi kitu kichwani.”

Daktari akakubali. Mfupa unaweza kudokeza kazi, alisema, jina hauna. Nikajaribu kumpunguza: asiseme jina, aseme tu vilikuwa vyungu, sio kuni. Akakataa. Basi aseme huenda vyungu. Akasema huenda vyungu, huenda kuni, huenda maji. Nimebishana na wengi sokoni, sijaona mtu anayeng'ang'ania kutojua kiasi kile.

Senge akainuka, akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi mbele ya daktari na kumwambia amshike shingo. Kijana akabonyeza, akaigeuza pole pole, akauliza kama inalia.

“Inalianga kama mlango.”

Daktari akakiri kwamba ndani yake huenda pamefanana na pale kwenye gunia. Senge akamgeukia ndugu yake. “Mimi nimebeba vyungu, nimebeba kuni, nimebeba maji, na wewe nilikubeba. Kesho ukinipata shimoni, mimi pia utaniita mpita njia?”

 Baba mdogo akatoa nafasi ndani ya ua, nyuma ya ghala. Senge akataka mbele ya mlango wake. Baba mdogo akasogea hadi kando ya jiko. Senge hakusogea hata kidogo, na mimi nilijua biashara imekwisha.

“Lakini sijasema ni mama,” baba mdogo akaonya.

“Sijakuomba useme.”

Baba mdogo akamzika mbele ya mlango wa Senge, choo akaenda kukichimba upande wa pili, kwenye mwamba, akitukana jembe. Siku ya maziko mchungaji alifungua Biblia na kuuliza ataje jina gani. Senge akamtazama ndugu yake.

“Sema mama,” baba mdogo akamwambia mchungaji, macho chini. “Wa nani, Mungu atajua.”