Fundi Asiyepima

Mtaani walimwita Jicho, na jina hilo alilipenda kuliko la kuzaliwa. Mafundi cherehani wenzake walitembea na futi shingoni. Yeye alikutazama mara moja tu unapoingia mlangoni, akakata kitambaa, na nguo ikakukaa. Wateja wa kudumu wala hakuwatazama. Vipimo vyao alikuwa amevikariri, mkasi ukaenda huku yeye anapiga soga. Majivuno alikuwa nayo, tena si haba, lakini kwa mishono ile nani angemnunia?

Wiki hiyo alishona gauni la dada yake mkubwa, la kuvaa kwenye mahafali ya binti yake. Mama yao alipofariki, dada huyu ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Kwa hiyo Jicho alilipania gauni lile. Pindo lote alilishona kwa mkono.

Alhamisi mchana dada akaja, akaingia nyuma ya pazia kulijaribu. Alipotoka, mabega ya gauni yalikuwa yamemporomoka, na kiunoni wangeweza kuingia watu wawili. Jicho alicheka. Alikilaumu kitambaa kwamba kimevutika, akailaumu na cherehani, maskini ya Mungu, isiyo na mdomo wa kujitetea. Kisha akakusanya nguo mgongoni mwa dada ili aipunguze kwa pini, na mkono wake ukagusa mifupa.

Akaacha kucheka.

"Dada, umekonda hivi tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwaka, mdogo wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja mara tatu kukuambia. Ukaniuliza habari za nyumbani, nikasema nzuri, ukaendelea kushona. Nikaona una kazi."

Jicho alizikumbuka siku hizo, maana alimchekesha dada hadi akaona amemkirimu vya kutosha. Aibu ilimshika, akatamani ardhi ipasuke. Mtu ukishamkariri, humtazami tena, na tunaowakariri ndio hao hao tunaowapenda.

Dada alimweleza taratibu kwamba hospitali wamemtaka arudi kesho kuchukua majibu, na wamesisitiza aje na ndugu. Binti hajui lolote. Hakutaka kumharibia mahafali yake. Gauni lingeweza kungoja hadi Jumamosi. Alikuja leo kwa sababu hakujua aanzeje kuomba kusindikizwa.

Wateja wawili walikuwa mlangoni na vitambaa vyao. Jicho aliwaomba radhi, akasema kesho hafungui. Mmoja alinung'unika kwamba aliahidiwa. Jicho hakubishana naye. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na dada yake.

"Nije kukuchukua saa ngapi?"

Dada alimtazama kwanza, kama anayehakikisha kwamba safari hii anasikilizwa, kisha akamwambia saa moja asubuhi.